Mpaka Mlango wa Kanisa

Kastoria, 3 Septemba 1979

Baba,

Shikamoo. Kula kwanza ndipo usome, maana nakujua.

Naolewa. Ni Zisis, yule mshona manyoya niliyekuandikia habari zake wakati wa Pasaka, ukasema jina lake linamfaa mbuzi. Harusi ni Jumapili ya tarehe 21 Oktoba, hapa hapa Kastoria, saa kumi na moja jioni.

Najua swali lako. Ndiyo, ni kanisani. Ungetaka iwe wapi, Baba? Nchi hii haina ndoa nyingine. Serikali yenyewe haikubali kwamba mtu ameolewa mpaka padri aseme. Mimi siamini, umenilea hivyo na sijabadilika, lakini nataka watoto wenye jina la baba yao, na nataka kuishi na mtu huyu bila wateja kunong'onezana kila nikiwageuzia mgongo dukani kutafuta dawa zao.

Desturi unaijua. Bwana harusi anasubiri mlangoni mwa kanisa na shada la maua, baba anamleta binti, anamkabidhi, kisha wote wanaingia. Mama hayupo tena. Kaka sina. Usipokuja wewe nitaletwa na nani? Usinijibu kwa hasira ya kwanza, ngoja ya pili.

Mwanao,
Evanthia


Volos, 8 Septemba 1979

Evanthia mwanangu,

Marahaba. Nilikula kwanza kama ulivyoagiza. Hongera. Habari ya mbuzi naifuta. Mtu aliyekufanya uandike barua nzima bila kumlalamikia hata mara moja hawezi kuwa mbaya.

Lakini kanisani siingii. Si ukaidi wa uzee. Wewe ulikuwa unatambaa waliponichukua, kwa hiyo nikueleze, kisha tusiyarudie. Kisiwani, kule serikali ilikotufunga kwa siasa, kila Jumapili walitupanga juani, na padri wa jeshi akatusomea barua ya mtume: kila mwenye mamlaka amewekwa na Mungu, basi mtiini. Akimaliza, mezani palikuwa na karatasi ya kutubu siasa. Sahihi moja tu, urudi kwa mkeo. Nikala yamini kwamba mimi na mtume huyo hatutakaa tena chini ya paa moja. Yamini hiyo ndiyo iliyoshika mkono wangu miaka mitano nisitie sahihi. Sijui namna ya kuivunja kwa ajili ya siku moja tu.

Nitakuja. Nitakushika mkono nikulete mpaka mlangoni, nimkabidhi kijana wako, kisha ninyi mwingie na mimi nibaki nje nivute sigara. Mpaka mlangoni, basi.

Nitumie hayo maneno watakayokusomea siku hiyo. Nilifundisha Kigiriki cha zamani kabla hawajanifukuza nikaishia kuuza magazeti, na sipendi kukataa nisichokisoma. Usipige simu pale mkahawani. Simu siiamini, daima yupo anayesikiliza, nawe unajua.

Baba yako,
Thrasyvoulos


Kastoria, 14 Septemba 1979

Baba,

Shikamoo. Mlangoni hapanitoshi. Ukibaki nje, kanisa zima litakaa limegeuza shingo kuangalia mlango, na wa kwanza kugeuka nitakuwa mimi.

Maneno uliyoyataka haya hapa, karatasi ya pili. Padri Stergios aliniazima kitabu, nikanakili pale dukani mchana wakati watu wamelala. Ni kipande cha barua ya mtume wako yule yule kwa watu wa Efeso. Wake wawatii waume zao. Mume ni kichwa cha mke. Na mstari wa mwisho, mke amwogope mumewe. Hapo kalamu ilitoboa karatasi, utaona mwenyewe.

Huku nako wanawake wana dawa yao kama kwenu. Msomaji anapandisha sauti mstari baada ya mstari, na akifika kwenye kuogopa, bi harusi anamkanyaga mumewe mguu pale pale mbele ya padri, na watu wanacheka. Bi Domna, mama yake Zisis, ameniambia nivae kisigino chembamba. Yeye aliolewa na viatu vya kuazima, visigino vyake vilikuwa butu, na anasema alijuta.

Kwa hiyo usidhani hapa wanasubiri mtumwa. Lakini hayo maneno yatasomwa juu ya kichwa changu, na sitaki niyasikie peke yangu.

Mwanao,
Evanthia


Volos, 21 Septemba 1979

Evanthia,

Leo dereva wa basi la huko kaniletea kifurushi toka kwa mama yake Zisis. Ndani mna mkanda wa kiunoni ulioshonwa kwa vipande vya manyoya, kichupa cha mafuta kutoka kandili la kanisani, na kikaratasi: "Kwa mgongo wa mkwe wangu, upone kabla ya harusi."

Mgongo gani? Mgongo huu umebeba mawe kutoka ufukweni mpaka kileleni na kuyarudisha ufukweni, kwa amri, na mpaka leo haujasema hata ah.

Nimekaa kibandani kwangu nikafikiri, nikaelewa. Umewaambia naumwa. Badala ya kusema baba yangu alifungwa kwa siasa na haingii kanisani, umeona afadhali anaumwa mgongo. Serikali ilinificha kisiwani ili watu wasinione. Wewe sikukutarajia. Nimeumia, nakwambia wazi.

Kama baba yako ni wa kufichwa, basi afichwe vizuri, abaki Volos. Mkanda una joto, sikatai. Mshukuru huyo mama.

Thrasyvoulos Karatzas


Kastoria, 25 Septemba 1979

Baba,

Umetia sahihi jina lako lote kama unayemwandikia karani wa ardhi. Nimelia, nikakasirika, nikalia tena, na sasa naandika.

Ni kweli nilisema unaumwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nikaficha kwa maradhi yasiyokuwepo. Lakini sikukuonea aibu hata siku moja. Mumewe Bi Domna alikufa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, kule milimani, mwaka wa arobaini na nane. Zisis hata sura ya baba yake haikumbuki. Nikawaza, mama huyu akijua mkwe wake alikuwa upande gani, ama Zisis atampoteza mama yake, ama mimi nitampoteza Zisis. Niliogopa, Baba. Wewe hujui kuogopa, ndiyo maana unadhani kila kinachofichwa kimeonewa aibu.

Ijumaa nakwenda kumwambia yote. Akinifukuza, nitapanda basi nije kwako na hakutakuwa na harusi ya kubishania.

Evanthia


Kastoria, 29 Septemba 1979

Kwa Bwana Thrasyvoulos, Volos.

Mimi ni Domna, mama yake Zisis. Shule niliacha darasa la nne. Ukiona makosa mwalimu nisahihishe, nitajua angalau umesoma.

Binti yako alikuja jana akakaa ukingoni mwa kiti, uso kama wa mtu aliyegonga ng'ombe wa jirani, akanisimulia habari zako. Nikamwacha amalize kwa sababu alikuwa amejitayarisha. Kisha nikamwambia, mwanangu, hayo nayajua tangu Juni. Huu mji mdogo, na kila fundi wa manyoya ana binamu Volos. Mkanda nilikutumia nikupime. Mwongo angejibu asante, mgongo umepona. Wewe ulikasirika, nikafurahi.

Sasa nisikilize. Mume wangu Argyris alitoka asubuhi kumtafuta nyumbu wetu wa mizigo, akakanyaga bomu. Walilitega wenu au walilitega wetu, halikuandikwa jina. Niliwachukia watu wenu miaka mingi, mpaka nikachoka, maana chuki nayo inataka kulishwa kila siku na mimi nilikuwa na mtoto wa kulisha. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mwanangu alikua bila baba kwa kuwa baba hakuwepo. Sitaki msichana aingie kanisani bila baba na baba yupo, mzima, ana mgongo kama nguzo, anavuta sigara nje.

Tena ujue kanisa letu lina spika juu ya mlango. Ukibaki nje utasikia kila neno kwa sauti kubwa kuliko sisi tulio ndani. Kwa hiyo kama ni kumkimbia mtume, ndani ni afadhali.

Uyoga unakula? Nijibu mapema, nikaanike.

Domna


Volos, 6 Oktoba 1979

Evanthia mwanangu,

Nisamehe ile sahihi ndefu. Nimepokea barua ya mama mkwe wako na nimeisoma kwa kila aliyesimama kununua gazeti. Nimemjibu kwamba uyoga nakula. Sijamsahihisha kitu, sithubutu.

Sasa nikupe habari ya ajabu. Nilisoma ile karatasi yako nikakasirika kama nilivyokusudia. Lakini kipande si barua, na mimi nimewakataza watoto wa watu miaka mingi kuhukumu kitabu kwa ukurasa uliochanwa. Nikaazima kitabu kwa mjane wa jirani, naye akanipa huku akijipiga ishara ya msalaba, anadhani nimeokoka. Nikaisoma barua nzima, toka salamu mpaka kwaheri, kisha nikairudia.

Evanthia, hii ni barua ya mfungwa. Anasema mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu: mimi niliyefungwa, mimi mwenye minyororo. Wataalamu wa Ulaya wanasema pengine si mtume aliyeandika, ni mwanafunzi aliyeazima jina lake. Sawa. Aliyeandika alikijua kifungo, au alimjua mtu wa kifungo. Hayo ya mbinguni anayoyasema siyaamini hata kidogo. Lakini barua ya mfungwa naijua ninapoiona.

Sisi tuliruhusiwa kadi moja yenye mistari michache, na kabla haijafika kwa mama yako ilipita mezani kwa askari. Basi unaandika mistari ya askari na mistari ya nyumbani. "Tunatendewa vizuri, chakula kizuri, watiini wakubwa." Hiyo ya askari. Halafu katikati unadondosha moja ambayo askari haioni, mke anaiona. Mama yako alikuwa anaipata mara moja. Kadi zangu zikija kusomwa kanisani miaka elfu mbili baadaye, watu wataapa kisiwa kile kilikuwa na chakula kizuri.

Sasa msome mfungwa huyu. Wake watii, watoto watii, watumwa watii: ukimpa askari yeyote wa Roma anagonga muhuri. Lakini kabla tu ya hayo, mstari mmoja mdogo, nyenyekeeni ninyi kwa ninyi, kila mtu kwa mwenzake. Umeunakili mwenyewe, uko juu kabisa, nimeutilia alama ya wino mwekundu. Askari gani angeupitisha huo kama angeuelewa? Na mwishoni anasema, habari zangu zote atawaambia mjumbe aliyebeba barua. Unaona? Ya kweli yalikwenda mdomoni mwa mtu. Na sisi tulifanya hivyo hivyo, kila aliyefunguliwa alitoka na habari za watu ishirini ndani ya kichwa chake.

Sijampenda. Ila nimepunguza kumchukia, na katika umri wangu hiyo ni kazi kubwa.

Baba yako,
Thrasyvoulos


Kastoria, 10 Oktoba 1979

Baba,

Shikamoo. Nimemsomea Zisis barua yako huku akipigilia ngozi kwenye ubao. Aliacha nyundo akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba yako akija, nataka kukaa karibu naye." Ndiye huyo ninayeolewa naye.

Lakini mimi hunipati kirahisi hivyo. Umemhurumia mfungwa mwenzako ukamfutia deni. Mjumbe alikufa, Baba, barua ikabaki. Aliyoyasema kwa mdomo hakuna aliyetuwekea. Sisi wanawake tumebakiwa na mistari ya askari, tena inasomwa na askari, nawe ulisomewa ya namna hiyo hiyo juani. Hata kama alikonyeza jicho alipoandika, jicho halikunakiliwa. Na kuna swali jingine. Wewe ulikataa kutia sahihi. Kwa nini yeye apewe ruhusa ya kuandika asichokiamini?

Lakini ule mstari wako mwekundu nimeusoma tena. Sikuwa nimeuona. Niliunakili kwa mkono wangu mwenyewe na sikuuona, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye ule wa kunikasirisha.

Kwa hiyo njoo tubishane hapa. Nimechoka kubishana na stempu.

Mwanao,
Evanthia


Volos, 15 Oktoba 1979

Mwanangu,

Swali lako nimetembea nalo siku nne. Jibu nililonalo ni hili: mimi nilikataa karatasi ya kutubu, lakini kadi za "chakula kizuri" niliziandika, kila mwezi, kwa sababu nilitaka mama yako ajue niko hai. Huenda naye alitaka hivyo tu. Kuhusu jicho lisilonakiliwa umenishinda.

Nafika Jumamosi kwa basi la mchana. Suti nimeitoa, ina harufu ya dawa ya nondo, mtanivumilia. Nimevaa mkanda wa mkwe wangu, safari ni ndefu.

Mpaka mlangoni nitakuleta. Zaidi ya hapo usiniombe, nami sitakuahidi.

Baba yako,
Thrasyvoulos


Kastoria, 24 Oktoba 1979

Baba,

Shikamoo. Ulipanda basi la alfajiri ya Jumatatu tukiwa tumelala, ukaacha kifuko chako cha lozi za harusi mezani. Bi Domna kakuwekea. Anasema ukitaka ufuate mwenyewe.

Nina neno linanisumbua na sikuweza kukuuliza karamuni, maana ulikaa kati ya Bi Domna na sahani ya uyoga na hukuinua kichwa.

Pale mlangoni mkono wako ulikuwa wa baridi sana. Ulimpa Zisis mkono wangu, ukamwambia, "Huyu hakopesheki, ukimchukua ni moja kwa moja." Kisha ukarudi nyuma ukatoa sigara. Nikaingia. Nilijipiga moyo konde, nikasema mlangoni ni mlangoni, tulikubaliana.

Wakatuvika mataji. Yale mataji yamefungwa pamoja kwa utepe, Baba, ukigeuza kichwa unamnyonga mwenzio, kwa hiyo sikuweza kuangalia nyuma. Msomaji akaanza. Nikausikia mstari wako mwekundu, ukapita haraka, na nadhani hakuna mwingine aliyeusikia isipokuwa mimi na Zisis, maana alinibana kidole. Kisha sauti ikaanza kupanda. Ilipofika kwenye kuogopa, nikamkanyaga. Nilimkanyaga vizuri. Watu wakacheka kama kawaida, kicheko kikaisha, na baada ya kuisha mtu mmoja huko nyuma akaendelea kucheka peke yake, mpaka Padri Stergios akainua macho kutoka kwenye kitabu.

Nilimshika Zisis mkono kwa nguvu mpaka akadhani naumwa. Tulipozungushwa meza na watu wakatupiga mchele, nilijaribu kuangalia, lakini mchele ule ulikuwa mwingi na nilifumba macho. Zisis anasema aliyecheka ni mjomba wake. Bi Domna nimemuuliza, anatabasamu tu anasema yeye alikuwa anasali.

Niambie.

Mwanao,
Evanthia


Volos, 29 Oktoba 1979

Evanthia mwanangu,

Mkwe wangu hakuwa anasali. Alikuwa amenishika mkono wa koti.

Nilikuwa nje, kama tulivyokubaliana, chini ya ile spika yao. Spika hiyo inakoroma kama trekta. Msomaji alipoanza nikasikia kushukuru siku zote, kisha ikakoroma, nikaona mstari mwekundu umemezwa. Nikasema hawa wameuruka. Niseme ukweli wangu wote, nilifurahi. Nilitupa sigara nikasukuma mlango niingie niwakamate wakidanganya, nitoke na ushahidi. Nikakuta ndiyo kwanza unamtoka msomaji mdomoni. Hawakuruka hata herufi.

Nikageuka nitoke, ndipo nikakuta mkono wa koti una mtu. Alikuwa ameacha nafasi yake mbele akaja kusimama mlangoni. Akaninong'oneza, "Kilichobaki ni kifupi." Nikasimama.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakiogopa, maana ulisema sijui kuogopa. Nilikuwa naogopa kwamba walinichukulia miaka yangu, wakanichukulia shule yangu, na mwishoni watanichukulia na wewe, tena kwa kitabu kile kile, na mimi nimekuleta kwa mkono wangu mwenyewe. Ndicho kilichokuwa mlangoni. Yamini ilikuwa kisingizio kizuri.

Nilikuona mgongo tu na lile taji. Sauti ikapanda, ikapanda, na kiatu chako kikashuka. Hukukanyaga kidesturi, mwanangu. Ulikanyaga kama mtu anayeua nge. Na kijana wako akaruka, akakutazama, akacheka kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwangalia anavyocheka, nikaona hapo hakuna askari. Kitu nilichokibeba tangu kisiwani kikanishuka mabegani kwa mara moja.

Siamini zaidi ya nilivyoamini Jumamosi. Yamini imevunjika na siisikitikii. Lozi nitazifuata wakati wa Krismasi, mwambie Bi Domna aanike uyoga mwingine.

Na mjomba wa Zisis usimsingizie. Nilisimama nyuma yake, alikuwa analia kwenye kitambaa. Aliyecheka ni mimi.

Baba yako,
Thrasyvoulos